Kamera inasema mwanga uko sawa, picha inakataa. Mnachaguaje ekspoja (kiasi cha mwanga picha inachopata)?

Kitundu Kidogo #1
Habari wadau. Kuna kitu kinaninyima usingizi wiki ya pili sasa. Nilipiga harusi ya ndugu yangu, nje, jua linawaka, hakuna wingu hata moja. Kamera modi ya A, f/4 (hilo ni tundu la lenzi, namba ndogo tundu kubwa), ISO 100 (kiwango cha kamera kukuza mwanga), na kila picha nilikuwa nachungulia kile kimshale cha mwanga kimekaa sifuri katikati. Nikajua kazi imetoka safi. Kufungua kwenye kompyuta, picha za bibi harusi peke yake gauni limekuwa la kijivu kama limefuliwa na nguo za rangi na uso umezama gizani. Za bwana harusi na suti yake nyeusi ni kinyume kabisa, suti imepauka na ukuta wa nyuma umeungua, weupe mtupu, hakuna kitu pale. Mwanga ni uleule, sehemu ileile, tofauti ni dakika kumi. Sasa nani alinidanganya hapa, kimshale, kamera au macho yangu? Na nyie mnaamuaje ekspoja kabla ya kubonyeza?

Pembeni Tu #2
Naweka kambi hapa, wajuzi waje.

Mita Kichwani #3
Mkuu hakuna aliyekudanganya. Mita ya kamera haijui kuna gauni wala suti, inachojua ni kiasi cha mwanga kinachorudi kwenye lenzi, halafu inadhania kila kinachoonekana mbele yake kikichanganywa kinatoa kijivu cha katikati. Ukiijazia gauni jeupe inasema "huu mwanga ni mwingi mno", inapunguza, gauni linakuwa kijivu. Ukiijazia suti nyeusi inasema "hapa pana giza", inaongeza, suti inakuwa kijivu pia. Zote mbili zimetoka kijivu, umeona? Dawa ni kile kitufe cha +/-. Nyeupe inayojaza fremu weka +1 mpaka karibu na +2 (hizo ni stopu, kila stopu ni mwanga mara mbili), nyeusi shuka -1 au zaidi. Inaonekana kichekesho kuongeza mwanga kwenye kitu kinachong'aa lakini ndo ilivyo.

Na kitu kingine, kwenye modi ya A kimshale kukaa sifuri hakukuambii chochote. Wewe umechagua tundu, kamera inachagua shata (muda wa mwanga kuingia) yenyewe ili kimshale kikae pale. Kinaonyesha ulichoiagiza, sio kama picha ni nzuri.

Kitundu Kidogo #4
Aisee hiyo ya kimshale sikuwahi kuambiwa, nina mwaka mzima nakitazama kama saa ya ukutani. Asante mkuu.

Chenga Sitaki #5
Hiyo ya kukadiria +1 sijui +2 ni ramli. Kamera ya dijitali ina histogramu (grafu ya mwanga wa picha, giza kushoto, mwangaza kulia), kwa nini ukadirie? Piga RAW (faili ghafi la kamera), sukuma grafu yote iende kulia mpaka inakaribia kugusa ukuta wa kulia bila kuugonga, basi. Ukifika kwenye kompyuta unashusha mwanga hadi unapotaka. Sababu ni hesabu, RAW ya biti 14 ina ngazi 16,384 za mwanga, na nusu nzima, yaani 8,192, zinaishi kwenye stopu moja ya juu kabisa. Stopu inayofuata inapata 4,096, inayofuata 2,048, hivo hivo mpaka huko chini kwenye vivuli unabaki na makombo. Sasa wewe unapiga picha gizagiza unajiwekea data kwenye makombo halafu unashangaa chenga (zile punjepunje kwenye picha) zinatoka wapi. Tangu zije hizi kamera zisizo na kioo (mirrorless) ndo watu wameanza kuelewa hii njia.

Mzee wa Filamu #6
Chenga, njia yako naijua na ina faida, ila tarehe umekosea. Kusukuma kulia kulianza kusambaa mwaka 2003 kwa makala ya Michael Reichmann, baada ya kuzungumza na Thomas Knoll, mmoja wa waliotengeneza Photoshop. Enzi hizo karibu kamera zote za dijitali za watu wa kazi zilikuwa na kioo.

Sasa Kitundu, wanangu hapa wanakupeleka kwenye kompyuta wakati jibu lilikuwa juani. Jua likiwa wazi bila wingu weka f/16 na shata iwe moja chini ya ISO, yaani ISO 100 inakupa 1/100. Wewe ulikuwa f/4. Kutoka f/16 kuja f/11, f/8, f/5.6, f/4 ni stopu nne, kila hatua mwanga unakuwa mara mbili, kwa hiyo shata inakimbia mara 16, unapata 1/1600. Nenda kafungue taarifa za picha zako, angalia shata ilisoma ngapi kwenye gauni na ngapi kwenye suti, uje utuambie.

Kitundu Kidogo #7
Mzee shikamoo. Nimetoka kuangalia sasa hivi. Gauni: 1/4000. Suti: 1/640. Yako imekaa katikati yao kabisa, nimepigwa na butwaa.

Mzee wa Filamu #8
Marahaba mwanangu. Umeona sasa. Gauni limepungukiwa stopu moja na kidogo, suti imezidishiwa stopu moja na kidogo, na jua halikusogea hata kidogo. Ungeweka M (modi ya kuchagua kila kitu mwenyewe), f/4, 1/1600 na kuacha hapo hapo, nyeupe ingetoka nyeupe na nyeusi ingetoka nyeusi bila kugusa kitufe chochote. Mwanga unaoangukia watu ndio wa kupima, sio unaorudi. Ndio maana mimi bado natembea na kipima mwanga cha mkononi, kile chenye kuba jeupe, nasimama alipo mtu, naelekeza kuba kwa kamera, nabonyeza. Hakijali umevaa nini.

Bint Lenzi #9
Mzee hapo nakubaliana na wewe juani, lakini nakukumbusha kwamba mwanga unaoangukia mtu haukuambii ngozi yake inarudisha kiasi gani. Mimi napiga sana watu wa ngozi nyeusi ya kung'aa na hii mada inanigusa sana kwa sababu nimeona wapiga picha wengi wanaacha uso unapotea halafu wanasema "kamera ndo iko hivo". Haiko hivo. Kuna makosa mawili tofauti na yanavuta pande mbili. Ukikaribia, uso mweusi ukajaza fremu, mita inafanya kama ilivyofanya kwenye suti, inaongeza, mtu anatoka amepauka, ule weusi wake mzuri umegeuzwa majivu. Ukirudi nyuma, akawa na gauni jeupe au dirisha nyuma yake, mita inashusha kwa ajili ya ule weupe na uso unazama. Mtu yuleyule, kamera ileile, makosa mawili. Kwa hiyo kanuni ya "ngozi nyeusi ongeza mwanga" au "ngozi nyeusi punguza" zote nusu ni uongo, inategemea mita inatazama nini.

Ninavyofanya mimi: naweka upimaji wa spoti (mita inasoma kisehemu kidogo tu cha fremu), napima shavu lile lenye mwanga, naamua mwenyewe shavu hili liko chini ya kijivu kwa kiasi gani. Maji ya kunde naweza kuacha sifuri, mweusi sana nashuka karibu stopu moja. Halafu nafunga kwenye M. Gauni likiungua kidogo kwenye pindo siumii, uso ndo picha.

Chenga Sitaki #10
Dada hapo kwenye "gauni likiungua siumii" ndo tunapoachana. Bibi harusi kanunua gauni la nakshi, ukimletea picha nakshi hazionekani atakuuliza. Kilichoungua hakirudi, hata uwe na programu gani, pale hakuna data.

Bint Lenzi #11
Nimesema pindo, sijasema gauni lote. Na hakuna bibi harusi aliyewahi kuniuliza pindo, wameniuliza mbona sura yangu siioni.

Vivuli Vinarudi #12
Mnabishana bure, wote mnaongeza mwanga mahali ambapo hamhitaji. Mimi napiga pungufu makusudi, nalinda sehemu ing'aayo kuliko zote, halafu vivuli navivuta baadaye. Sensa za siku hizi nyingi ukipiga ISO 100 ukavuta stopu nne kwenye kompyuta unapata karibu kitu kilekile na aliyepiga ISO 1600 pale pale, tofauti ni kwamba mwenye 1600 ametupa stopu nne za juu na mimi ninazo bado. ISO yenyewe haileti chenga, hiyo ni imani ya zamani. Chenga inaletwa na mwanga mdogo ulioingia.

Pembeni Tu #13
Subiri kwanza, ISO haileti chenga?? Mbona nikiweka 6400 naona chenga na nikiweka 100 sioni?

Vivuli Vinarudi #14
Kwa sababu ukiweka 6400 kamera inakimbiza shata au inabana tundu, mwanga unaoingia unapungua. Jaribu hivi, M, tundu moja, shata moja, piga ISO 100, piga ISO 1600. Kisha ile ya 100 ivute stopu nne kwenye kompyuta uziweke pamoja. Mwanga ulioingia ni uleule.

Sokoni Asubuhi #15
Nimefanya hilo jaribio kwenye kamera yangu ya zamani na matokeo ni tofauti na unayosema mkuu. Ile ya ISO 100 iliyovutwa ilitoka na mistari ya mlalo kwenye giza na rangi ya zambarau kwenye vivuli, ya 1600 ilikuwa safi kuliko. Kwa hiyo kwa kamera kama yangu kuongeza ISO kunapunguza uchafu, sio kuongeza. Usiwape watu kanuni ya kamera yako kama vile ni ya dunia nzima, kuna mtu atapiga shughuli nzima gizani akitegemea kuvuta, atakuja kulia.

Vivuli Vinarudi #16
Haki yako, nimesema "nyingi" lakini ningesema wazi zaidi. Kamera za zamani zinaweka uchafu wake baada ya kukuza ishara, hivyo ukikuza mapema unaushinda. Kila mtu apime ya kwake kabla.

Hesabu Nyepesi #17
Narudi kwa Chenga #5. Matokeo yako sawa ila sababu uliyotoa sio yenyewe. Hizo ngazi 8,192 haziwezi kuonekana, macho hayatofautishi ngazi nyingi hivyo, na huko juu zimejazwa na chenga za mwanga wenyewe. Mwanga unaingia kama matone ya mvua, hayaangukii sawa kila ndoo. Ukiongeza mwanga mara 4, kubahatisha kwa matone kunaongezeka mara 2 tu, kwa hiyo picha inakuwa safi mara mbili. Ndo faida ya kusukuma kulia. Na hii inamaanisha kitu ambacho watu wanakosea kila siku: ukisukuma histogramu kulia kwa kupandisha ISO hujaongeza tone hata moja. Lazima ufungue tundu au upunguze spidi ya shata, na ISO ibaki chini.

Chenga Sitaki #18
Hapa nimekubali, nondo nzito hii. Nitabadilisha maelezo ila njia siachi.

Kitundu Kidogo #19
Sasa mimi nimechanganyikiwa zaidi ya nilivyoanza jamani 😅 Mita Kichwani anasema +/-, Chenga kulia, Vivuli kushoto, Mzee juani, dada shavuni. Nikiwa pale bibi harusi anatembea nina sekunde mbili!

Deadline Saa Hii #20
Kwa mwenye sekunde mbili nisikilize mimi. Napiga mechi na mikutano, picha inaondoka kwenye kamera kwenda kwa mhariri kabla sijakaa chini. Ni JPEG (picha ambayo kamera imeshaikamilisha), hakuna kusukuma kulia wala kushoto, mwanga unatakiwa uwe sawa pale pale kwa sababu JPEG ukiivuta inachanika. Nafika mapema, nampiga mtu yeyote aliyesimama kwenye mwanga uleule picha tatu nne, naangalia, nafunga M. Uwanjani nusu jua nusu kivuli nakuwa na namba mbili kichwani, ya juani na ya kivulini, mchezaji akivuka mstari nageuza gurudumu kwa kidole bila kutazama, kutoka f/2.8 kwenda f/5.6, stopu moja.

Mita Kichwani #21
Stopu mbili mkuu. 2.8, 4, 5.6.

Deadline Saa Hii #22
Mbili, kweli. Kidole kinajua kuliko mimi, mibofyo sita.

Rangi Nyekundu #23
Naongeza moja kwa wale wa histogramu maana iliniumiza sana. Histogramu mnayoiona nyuma ya kamera, hata ukipiga RAW, imetengenezwa kutokana na JPEG ndogo iliyo ndani ya ile RAW. Ukiwa umeweka staili ya rangi kali yenye kontrasti, inakuonyesha umeungua wakati RAW bado ina nafasi. Kwa hiyo mimi nimeweka staili iliyopoa, kontrasti chini.

Na upande wa pili, ile grafu moja nyeupe ya mwangaza inaweza kukuficha. Nilipiga maua ya waridi mekundu, grafu iko katikati vizuri, vimulimuli vya kuonya kuungua havikuwaka, nyumbani nakuta petali hazina mishipa, ni bonge la rangi nyekundu kama limepakwa. Chaneli nyekundu peke yake ilikuwa imegonga ukuta, kijani na bluu zikaivuta wastani chini. Tangu hapo naangalia grafu tatu za rangi. Nguo nyekundu, taa za jukwaani, machweo, yote hayo yanakumbwa na hili.

Bint Lenzi #24
Taa za jukwaani za bluu ndo balaa kabisa, uso unakuwa bonge la bluu. Asante kwa hii, nilikuwa nalaumu lenzi.

Pembeni Tu #25
Mmegusa taa, naomba msaada hapo hapo. Ukumbini nilikuwa 1/1000 nikapata picha zina mistari ya giza inapita usoni, na picha mbili za mfululizo moja ina mwanga moja ina giza. Nikabadilisha ekspoja mpaka nikachoka.

Sokoni Asubuhi #26
Hiyo sio ekspoja yako, ni taa zinapepesa. Umeme wa 50 Hz unafanya taa nyingi zipepese mara 100 kwa sekunde. Shata ya 1/1000 inakamata kipande kidogo tu cha mpepeso. Teremka 1/100 au 1/50, kila picha inapata mizunguko kamili. Penye umeme wa 60 Hz tumia 1/125 au 1/60. Kuna LED nyingine zinapepesa kwa kasi yake zenyewe, hizo unajaribu tu shata tofauti hadi mistari itulie.

Pembeni Tu #27
Daah. Miezi mitatu nimekuwa nikiilaumu betri.

Hesabu Nyepesi #28
Tukiwa kwenye taa, na mwezi je? Watu wanapiga mwezi wanapata kidonge cheupe. Mwezi mpevu ni jiwe lililopigwa jua, liko juani kama bwana harusi wa Kitundu tu. Mita inaona anga jeusi inaongeza, mwezi unaungua. Anzia f/11, shata moja chini ya ISO, halafu rekebisha.

Mzee wa Filamu #29
Vizuri sana. Na ukisikia mtu anasema kanda (zone, yaani ngazi za mwanga kutoka nyeusi hadi nyeupe) za mpiga picha Ansel Adams, jua kwamba ni hilohilo alilosema Bint kuhusu shavu: unapima kitu kimoja na unaamua wewe kiwe kanda ya ngapi. Kanda ya tano ndio kijivu, ya nane nyeupe yenye umbile bado.

Rangi Nyekundu #30
Mzee, na Fred Archer usimsahau, waliitengeneza pamoja.

Mzee wa Filamu #31
Kweli kabisa, umenisahihisha vyema.

Vivuli Vinarudi #32
Ila kanda za filamu ni za filamu, Mzee. Filamu ya negativu inasamehe juu na inakunyima chini, ndio maana walipima vivuli. Dijitali ni kinyume, inasamehe chini inakunyima juu. Ukipima shavu ukasahau juu umeiga dawa ya ugonjwa mwingine.

Bint Lenzi #33
Sikusahau juu, nimechagua. Kuna tofauti.

Mita Kichwani #34
Kwa asiye na kadi ya kijivu wala kipima mwanga, kiganja kinatosha. Ngozi ya kiganja haitofautiani sana kati ya watu kama uso, na mara nyingi ni kama stopu moja juu ya kijivu. Weka kiganja kwenye mwanga uleule wa mtu wako, pima kwa spoti, ongeza +1. Ipime mara moja dhidi ya kadi ujue yako ni ngapi hasa.

Kitundu Kidogo #35
Wadau nimerudi. Jana nimemsimamisha mdogo wangu juani na shuka jeupe begani na koti jeusi, nikapiga njia zenu zote. Ya Mzee 1/1600 imetoka nzuri bila kuguswa, shuka jeupe, koti jeusi. Kwa dada nilipima shavu nikashusha stopu moja, kamera ikanipa 1/1000, uso una uhai kuliko zote, shuka limeungua sehemu ya juu ya bega, ukubwa wa kiganja. Ya Chenga ilikuwa 1/1250, kwenye skrini ilionekana mbaya, nikaishusha kwenye kompyuta na vivuli vya koti ni visafi kweli. Ya Vivuli nilipiga 1/6400 nikavuta stopu mbili, shuka lina kila uzi ila shingoni chini ya kidevu naona chenga kidogo, labda mtu mwingine asingeziona. Kiganja changu kinasoma stopu moja kasoro kidogo.

Mama nilimwonyesha zote nne bila kumwambia kitu, akachagua ya shavu. Baba akachagua ya Mzee.

Bint Lenzi #36
Mpe mama salamu zangu 😊

Chenga Sitaki #37
Ungewakuza wote wawili kwenye vivuli kabla ya kuwauliza.

Kitundu Kidogo #38
Jumamosi nina shughuli nyingine. Nimeamua naanza M, 1/1600, uso ukikataa nafungua theluthi mbili za stopu.

Deadline Saa Hii #39
Na wingu likipita katikati ya viapo?

Mzee wa Filamu #40
Wingu jepesi vivuli vikilainika fungua stopu moja, vivuli vikififia mbili, vikipotea kabisa tatu. Tazama ardhini, usitazame angani.

Kitundu Kidogo #41
Mzee, na kama kivuli kiko kwake tu, mimi nilipo pana jua?

Mzee wa Filamu #42
Basi tembea mpaka alipo yeye, ndipo upime.